CD Zinakwama, Kava Zinanata: Anza Kuikagua Rafu

Mtu akiniletea CD inayokwama, kabla sijaigusa huwa namuuliza: "Ulikuwa unaiweka wapi?" Wengi hushangaa, maana wanakuja na washukiwa wao tayari. Deki imechoka, CD ni feki, aliyeazimwa kaikwaruza. Mimi naishi Mtwara mjini, Magomeni, nyumba ya kupanga, na sebule yangu ni futi 10 kwa 11. Humo zimo CD 430: dansi, taarabu, kwaya, kaswida, na bongo fleva ya miaka ile albamu zilipokuwa bado zinauzwa dukani. Nimehangaika nazo miaka mingi hapa pwani, na nina hakika na jambo moja. CD nyingi zinazofia majumbani mwetu zinauawa na mahali zinapokaa. Rafu ikiwa sawa, tena rafu nyembamba isiyokula sebule, nusu ya matatizo hayaji kabisa. Nimeupanga mwongozo huu kwa dalili, kwa hiyo nenda moja kwa moja kwenye ile inayokusumbua.

Kwanza mjue mgonjwa ni nani

Chukua CD tatu: hiyo yenye tatizo, nyingine ya kiwandani unayojua ni nzima, na moja ya kuchoma, yaani iliyorekodiwa kwa kompyuta. Zipige zote kwenye deki ileile. Zikikwama zote, mgonjwa ni deki, na mara nyingi ni lenzi yenye vumbi au ukungu. Ikikwama moja tu, mgonjwa ni CD. Ikikwama kwako ikapiga vizuri kwa jirani, lenzi yako imeanza kuchoka na inashindwa kuisoma CD iliyochakaa kidogo. Zikisumbua za kuchoma peke yake, ruka hadi kwenye salfa na mwanga hapo chini.

Halafu iangalie kwa macho. CD ni kipande cha plastiki ngumu chenye unene wa milimita 1.2 na upana wa sentimita 12. Upande wa picha una utando mwembamba mno wa alumini, na juu ya alumini kuna vanishi na rangi ya maandishi tu, basi. Muziki umelala hapo, jirani kabisa na picha. Upande unaong'aa ndio wenye plastiki nene ya kuukinga. Ndiyo maana mkwaruzo wa chini mara nyingi unavumilika, lakini ukucha au kalamu ikichimba upande wa picha, wimbo umeondoka na haurudi. Inyanyue CD mbele ya balbu. Ukiona vitobo vya mwanga kama nyota, alumini imeanza kuliwa. Kitobo kimoja au viwili si neno, deki ina namna ya kufidia. Vikiwa vingi, hasa ukingoni, nakili muziki huo kwenye kompyuta leo hii, habari za rafu zifuate baadaye.

Dalili: kijarida kimenata, kuna ukungu, kava zina harufu ya kabati lililofungwa

Hii ndiyo kubwa kwetu watu wa pwani, na nitakaa nayo.

Rafu yangu ya kwanza niliibana kwenye ukuta wa nje kabisa, kutoka sakafuni hadi kifuani, ubao umegusana na lipu. Niliona nimeokoa nafasi vizuri. Mvua zilipokatika, mwezi wa tano, nikavuta CD moja ya safu ya chini. Kava likatoka kwa mlio wa kubanduka. Nikalifungua: kijarida cha ndani, chenye picha ya mwimbaji, kimeganda kwenye plastiki. Nikakivuta kwa kona taratibu, na nusu ya uso wa mwimbaji ikabaki kwenye kava. Kwenye karatasi ya nyuma, chini ya trei, kulikuwa na duara la kijivu lenye manyoya mafupi, kubwa kama shilingi. Nikapitisha kiganja ukutani nyuma ya rafu. Ukuta ulikuwa wa baridi, na mkono ulirudi na unga mweupe.

Unga huo wengi wetu tunauita fangasi. Mara nyingi ni chumvi. Tofali lililofyatuliwa kwa mchanga wenye chumvi, au nyumba ambayo msingi wake haukutandikwa nailoni ya kuzuia maji, huvuta maji ya ardhini yakapanda ukutani na kutoka na chumvi hiyo. Chumvi nayo huvuta unyevu wa hewani hata siku ya jua kali. Nyumba kongwe za Mikindani, mji wa kale jirani na Mtwara, zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, zina tabia hiyohiyo. Ukiibana rafu kwenye ukuta wa namna hiyo, kila kava linapokea jasho la ukuta usiku kucha, na hewa haipiti kulikausha.

Kuvu wa kweli akishaingia, asidhaniwe kuwa anakula karatasi tu. Mwaka 2001 watafiti wa Hispania walieleza habari za CD iliyotoka Belize, nchi ya joto na unyevunyevu kama huku kwetu, ambayo kuvu aliingilia ukingoni na kula mpaka alumini ya ndani. Jambo hilo ni nadra, lakini linaonyesha mlango uko wapi: ukingoni, pale vanishi inapoishia.

Fundi seremala niliyemwita aifungue ile rafu alipiga kiganja ukutani mara mbili, akanigeukia: "Kaka, huu ukuta unatoa jasho. Mbao usiibane tena." Akapigilia nyuma ya rafu vipande viwili vya ubao wa inchi 1, vimesimama wima, ili pabaki pengo la sentimita 2.5 kati ya rafu na lipu. Chini akainyanyua sentimita 10 kutoka sakafuni. Hewa inaingia chini, inatokea juu. Pengo hilo limenigharimu inchi moja ya sebule, na tangu hapo sijapata kijarida kilichonata. Kama nyumba ni yako na si ya kupanga, afadhali zaidi uihamishie rafu kwenye ukuta wa ndani, ule unaotenga vyumba.

Zilizokwisha kuugua zitoe zote nje, kivulini penye upepo, huku umefunga kitambaa puani. Toa CD kwanza, kisha acha makava wazi yakauke kwa siku kadhaa. Kijarida kilichonata usikilazimishe. Kikikauka na kuachia chenyewe, sawa. Kikigoma, kiache hapo kilipo, picha iliyoganda ni bora kuliko picha iliyochanika. Makava yafute kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo. CD yenyewe ioshe kwa maji ya uvuguvugu yenye tone la sabuni ya vyombo, ukifuta kutoka kwenye tundu la katikati kwenda ukingoni kwa mstari ulionyooka. Usizungushe. Nyimbo zimeandikwa kwa kuzunguka, na mkwaruzo unaofuata mzunguko hufuta kipande kirefu cha muziki mfululizo. Deki inaweza kufidia pengo la kama milimita 2.5 tu za njia hiyo. Mkwaruzo unaokatiza njia huchukua chembe ndogo hapa na pale, na hizo zinafidiwa bila wewe kusikia. Malizia kwa maji ya kunywa, kwa sababu maji ya visima vyetu vingi yana chumvi na yataacha madoa.

Vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu vinasaidia kwenye boksi la plastiki lenye mfuniko unaokaza. Kwenye rafu ya wazi havifanyi kitu, vinajaa unyevu mara moja. Na kama una AC, CD ikitoka chumba cha baridi kwenda kwenye deki ya sebule yenye joto hupatwa na umande. Ngoja dakika 20 ndipo uipige.

Neno moja kwa wenye nyumba za Mikindani. Kama ukuta wako una zidaka, yaani vishubaka vya kuwekea vitu vilivyojengwa ndani ya ukuta, unalo kabati la CD zuri kuliko lolote la dukani. Kidaka chenye kina cha sentimita 20 kinalimeza kava, ambalo kina chake ni sentimita 14.2, na bado kinabakiza pengo nyuma. Weka kipande cha plaiwudi nyuma, kisimame juu ya vijiti viwili kisiguse chokaa, kisha panga CD mbele yake. Kidaka kimoja chenye upana wa sentimita 40 kinapokea CD 38 bila kuchukua hata sentimita moja ya chumba.

Dalili: CD za kuchoma zimesawijika, ukingo umekuwa wa kahawia au mweusi

Kwa mikoa yetu, kabla ya kumlaumu aliyekuchomea, uliza kama kuna salfa ndani ya nyumba.

Mjomba wangu yuko Tandahimba, ana mikorosho, na ana CD kama 80, nyingi za kuchoma, za kwaya na dansi ya zamani. Kila mwaka kuanzia mwezi wa tano au wa sita, mifuko ya salfa ya kilo 25 inaingia nyumbani kwa ajili ya kuzuia ubwiriunga, ule ugonjwa wa mikorosho, nayo inalala sebuleni kwa usalama. Ililala mgongoni mwa kochi, na juu ya kochi ndipo palipokuwa na rafu ya CD. Baada ya misimu miwili CD zake zikaanza kukataa moja baada ya nyingine.

Sababu yake ni hii. CD ya kiwandani kwa kawaida ina utando wa alumini. Ya kuchoma mara nyingi ina utando wa fedha, fedha halisi ingawa ni chembe kidogo, na fedha na salfa hazikai nyumba moja. Ni yaleyale yanayoipata pete ya fedha ikiwa nyeusi. Hata za kiwandani zimewahi kupatwa: kuna kiwanda nchini Uingereza ambacho CD zake nyingi za kati ya mwaka 1988 na 1993 ziligeuka rangi ya shaba kuanzia ukingoni, kwa sababu vanishi yake haikustahimili salfa iliyokuwamo kwenye karatasi ya vijarida. Ikiwa karatasi tu iliweza, fikiria mifuko minne mgongoni mwa kochi.

Nilipomweleza mjomba, alinisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Mpwa wangu, salfa ndiyo korosho, na korosho ndiyo iliyoinunua hiyo redio." Alikuwa sahihi. Mifuko haikutoka, zikatoka CD. Tukazihamishia chumba cha ndani kwenye maboksi ya plastiki yenye mifuniko, na nguo za kupulizia zikapata msumari wake nje, barazani. Ukiweza, salfa ikae stoo yenye mlango wake. Usipoweza, CD za kuchoma zifungiwe kuanzia mifuko inapoingia hadi upuliziaji unapokwisha. Iliyokwisha kusawijika haina dawa. Nakili kinachosomeka.

Dalili: CD za kuchoma hazina mkwaruzo wala doa, na bado hazisomeki

Hapa mhalifu ni mwanga. CD ya kuchoma haina mashimo ya muziki kama ya kiwandani, ina rangi maalumu iliyobabuliwa kwa miale, na rangi hiyo hupauka juani kama kitenge kilichosahauliwa kwenye kamba. Rafu iliyo mkabala na dirisha la magharibi inatosha kuziua.

Dawa yangu ya mwanga ndiyo inayosifiwa na kila mgeni. Nilinunua jozi moja ya kanga. Kipande kimoja nikakitia bitana ya kitambaa kizito cheusi, nikakishonea pete, nikakining'iniza kwenye fimbo nyembamba mbele ya rafu, maandishi ya kanga yakitazama chumbani. Mwanga umekatika, vumbi limepungua, choo cha mjusi hakifiki tena kwenye CD, na sebule imepata sura. Usiishushe kanga mpaka sakafuni, acha pengo chini hewa ipite. Mlango wa kioo unavutia zaidi dukani, lakini unapitisha mwanga na unafungia unyevu ndani, na kwa mji wa pwani siupendekezi.

Dalili: nyimbo za mwanzo safi, za mwisho zinakwama

CD husomwa kutoka ndani kwenda nje, kinyume cha santuri. Nyimbo za mwisho ziko ukingoni, na ukingo ndio unaoshikwa kwa vidole vyenye mafuta ya samaki au korosho, na ndio unaosuguliwa ikitolewa mfukoni. Kama kila CD yenye tatizo hilo imetoka kwenye begi la zipu, basi umepata chanzo. Mchanga wa Mtwara ni mwepesi, unaingia ndani ya begi na kukaa chini ya mifuko, na kila ukiichomoa CD unaipitisha kwenye msasa. Mifuko ya plastiki laini inayonuka kama pazia la bafuni ni mibaya zaidi: kwenye joto hutoa mafuta na kuacha ukungu unaonata kwenye CD. Tafuta mifuko ya plastiki kavu, ile inayolia ukiikunja. Begi liwe la safari tu, nyumbani CD zirudi mahali pake.

Habari ya dawa ya meno nimeulizwa sana. Ni msasa laini, kwa hiyo inaweza kung'arisha mkwaruzo mdogo wa upande unaong'aa. Itumie kwa CD uliyokwisha kuikatia tamaa, kwa mwendo uleule wa kutoka kati kwenda nje. Upande wa picha usiuguse kamwe.

Dalili: rafu imepinda, ubao umevimba, skrubu zinatoa kutu

Kava moja na vilivyomo lina uzito wa karibu gramu 100. Inaonekana si kitu, lakini CD 100 ni kilo 10, na urefu wake ni mita moja na sentimita chache tu. Chipubodi au MDF iliyopita msimu mmoja wa mvua za huku inazama katikati, na miguu yake inavimba kwa maji ya kudekia. Ukiona kingo zimefura kama mkate uliolowa, usiipake rangi kuificha. Imekwisha.

Agiza ya mbao, nayo ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Ubao wa inchi 1 kwa 6 ukipigwa randa unabaki na upana wa sentimita 14.5 hivi, na kava linahitaji 14.2. Utadhani ulikatwa kwa ajili ya CD. Mwambie fundi vipimo hivi: kila safu iwe na uwazi wa sentimita 60 kwenda upande na 14 kwenda juu. Kava lina kimo cha sentimita 12.5, hiyo inayobaki ni ya kidole. Safu moja inapokea CD 55 bila kubanana, karibu kilo 6, na urefu wa sentimita 60 haupindi. Yangu ina safu 6, kimo chake ni kama mita 1, na kutoka ukutani, pamoja na lile pengo la hewa, imekula sentimita 17 tu. Ninapita na sinia la chai bila kuigusa.

Mninga ni mzuri na mchwa hauupendi sana. Paini ni nafuu na inatosha ikipakwa vanishi vizuri. Usikubali mafundi wapake oili chafu kwa ajili ya mchwa kwenye rafu ya ndani, itanuka miezi na kuchafua makava. Vanishi nayo iache ikauke wiki mbili kabla ya kupanga CD, mpaka harufu iishe kabisa. Skrubu ziwe za shaba au zisizoshika kutu. Kwa wanaokaa Shangani, hapahapa Mtwara karibu na bahari, rafu ya chuma siishauri hata kidogo, niliyowahi kuiona huko ilitoa machozi ya kutu juu ya makava.

CD zisizojaza safu zinaegemea, na kava likiegemea muda mrefu kwenye joto, CD ya ndani inaweza kujikunja. Weka kizuizi. Mimi nina vinyago viwili vya mpingo, kazi ya Kimakonde, kila kimoja kizito kama tofali dogo. Vinasimama mwisho wa safu na kuzishika CD wima. Mpingo ni mzito kiasi cha kuzama majini, ndiyo maana kipande kidogo tu kinafanya kazi hiyo.

Dalili: nafasi imeisha, CD zimeanza kulala juu ya redio

Hapa watu wengi hukimbilia kupanga safu mbili, moja nyuma ya nyingine. Naomba usifanye hivyo. Ya nyuma itasahaulika, na iliyosahaulika ndiyo inayoota ukungu.

Anza na sehemu zilizokufa ndani ya chumba, ambazo rafu ya sentimita 15 inaweza kuingia bila mtu kuona imeingia. Nyuma ya mlango ni ya kwanza: mlango ukifunguka karibu na ukuta, kuna nafasi isiyotumika na kitu chochote zaidi ya ufagio. Weka kizuizi sakafuni mlango usiigonge rafu. Ya pili ni mgongoni mwa kochi. Livute kochi sentimita 17, simamisha rafu ya kimo cha kochi, na juu yake unapata kimeza cha taa na kikombe. Ya tatu ni juu ya mlango, ubao mmoja unaozunguka chumba chini ya dari. Inapendeza sana, lakini iwe nyumba yenye dari. Kwenye bati tupu, joto la huko juu saa nane mchana ni la kukunja CD, na usijaribu.

Zikizidi bado, ndipo makava yapungue. Hapa tenganisha. CD za kiwandani zenye vijarida unavyovipenda ziache kwenye makava yake. Nyingine toa CD, kijarida na karatasi ya nyuma, vyote vitatu uvitie kwenye mfuko mmoja mkavu wa plastiki. Unene unashuka kutoka milimita 10 hadi kama 3, yaani penye moja zinakaa tatu. Boksi la viatu la urefu wa sentimita 33 linapokea kama 100, zimesimama kama kadi. Zitachomoza kidogo juu, na ndiyo vizuri, unazipekua kwa vidole. Kata kadibodi za kutenganisha, andika juu yake. Usiyatupe makava yote, weka 20 akiba, kwa sababu meno ya katikati hukatika, na mara nyingi ni kwa kuivuta CD kwa ukingo. Bonyeza katikati kwa kidole gumba ndipo uinue.

Boksi la viatu si pambo, hilo najua. Vikapu vya ukindu vya pembe nne, vinavyosukwa kwa kipimo ukiagiza, vinalimeza boksi zima na kukaa chini ya kochi au kitanda vikiwa na heshima. Ukindu nao huota ukungu wakati wa mvua, kwa hiyo utoe boksi na uanike kikapu juani kila baada ya wiki mbili.

Kuzirundika CD tupu kwenye mnara wa plastiki, zimelaliana, kunaokoa nafasi kuliko njia zote. Punje moja ya mchanga ikiingia kati yake, unazisaga zote mbili.

Dalili: vijia vya udongo nyuma ya rafu

Mchwa. Unakuja kwa ajili ya ubao na vijarida, CD yenyewe hauigusi. Lile pengo la ukutani na zile sentimita 10 za chini zina faida ya pili hapa, unaweza kumulika tochi nyuma ya rafu kila wiki ukaviona vijia vingali vibichi. Futa kijia, tafuta kinakotokea, tia dawa hapo kwenye ufa, si kwenye rafu. Mende ni wa redio zaidi, wanafuata joto la nyuma yake, kwa hiyo usipange vijarida karibu nayo.

Dalili: unajua unayo, huioni

Mpangilio wa herufi haujanisaidia. Bendi ilibadilisha jina, mwimbaji alihama bendi, kwaya tatu zina jina la mtaa mmoja. Ninapanga kwa aina, kisha kwa mji au bendi, kisha kwa mwaka. Dansi ziko safu za katikati kwa sababu ndizo ninazopiga kila Jumapili, taarabu chini yake, kaswida na kwaya safu za juu. CD 130 za kuchoma ziko kwenye maboksi, kila moja imeandikwa kwa kalamu ya wino wa maji upande wa picha, karibu na tundu, pasipo na muziki. Karatasi ya gundi sibandiki, inabanduka nusu kwa unyevu na CD inayumba ikizunguka.

CD 300 zilizobaki ziko kwenye rafu, na kila safu ina nafasi tupu ya CD 5. Mke wangu aliwahi kuniuliza kwa nini nisiijaze. Ni kwa sababu safu iliyobanana unaichomoa CD kwa kucha, na makava yanapasuka bawaba. Safu yenye nafasi unaisukuma kwa kidole, CD inajitenga yenyewe, unasoma mgongo wake, unaitoa. Nafasi hizo 30 zikijaa, nitapima nyuma ya mlango wa chumbani. Futi iko tayari juu ya redio.